Mizani ya Ngomeni

Kaskazini mwa Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimikwa baharini tangu miaka ya 1960. Kutoka pale, tarehe 26 Aprili 1967, wahandisi wa Italia wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti iliyoitwa San Marco 2. Ilikuwa ya mviringo kama mpira, uzito wake haukufika kilo 130, na iliingia katika obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, iliyofuata mstari wa ikweta. Mzigo wake mkuu ulikuwa mizani.

Nasema mizani kwa maana ileile ya dukani. Broglio alitengeneza gamba jepesi la nje lililozunguka kiini kizito, na kati ya viwili hivyo akaweka mikono laini ya kupima nguvu. Hewa ya juu ni haba mno, lakini ipo. Ilipolisukuma lile gamba, mikono ilipinda kidogo, na kupinda huko kukasomwa kama muuza nyama anavyosoma mshale. Kwa njia hiyo wanasayansi walipata uzito wa angahewa juu ya ikweta, mahali ambapo hapo kabla walikuwa wakikisia zaidi kuliko kupima. Setilaiti yenyewe haikukaa sana. Hewa ileile iliyokuwa ikiipima iliivuta chini, ikateketea mwaka uleule.

Watu wakikumbuka Ngomeni hukumbuka zaidi Uhuru, setilaiti ya Marekani iliyorushwa pale tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri ya Kenya, na kupewa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kutazama eksirei zitokazo angani, na sifa yake inastahili. Lakini kwa haja tuliyo nayo leo, mimi naona iliyotuachia funzo ni ile ndogo ya mwaka 1967. Ilikuwa na swali moja kuhusu hewa, kifaa kimoja cha kulijibu, na obiti iliyochaguliwa kwa sababu ya mahali palipotakiwa kupimwa.

Miaka hii nchi zetu zimeingia angani kwa kasi. Mei 2018 setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Novemba 2019 ikafuata RwaSat-1 ya Rwanda. Desemba 2022 ikaachiwa PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyoundwa na vijana wa Uganda waliosomea kazi hiyo katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani. Aprili 2023 Kenya ikarudi na Taifa-1, iliyoripotiwa kugharimu shilingi milioni 50 za Kenya. Tanzania nayo imetangaza nia ya kuwa na yake. Nyingi kati ya hizi ni vijisanduku vya familia ya CubeSat, kipimo kilichobuniwa mwaka 1999 na maprofesa wawili wa California, Bob Twiggs na Jordi Puig-Suari, ili wanafunzi wajifunze kwa kutengeneza: kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, na ukitaka kikubwa zaidi unapanga viwili, vitatu au sita.

Sizibezi safari hizo. Mhandisi aliyewahi kukesha akisubiri ishara ya kwanza ya kitu alichokikaza skrubu kwa mkono wake hawezi kuwa mtu yuleyule tena, na nchi inahitaji watu wa namna hiyo. Hata hivyo tukitazama zilibeba nini, tunaona kamera za kupiga picha ardhi, na redio za kukusanya taarifa kutoka vihisi vilivyoko mashambani na mitoni. Hakuna hata moja iliyokwenda kupima hewa yenyewe: joto lake, unyevu wake, mvua iliyomo ndani ya wingu. Picha za ardhi zenye ubora mkubwa kuliko zetu zinapatikana bure kutoka Sentinel za Ulaya na Landsat za Marekani. Pengo letu liko hewani, na nitaeleza kwa nini naamini vijisanduku hivi vidogo vinaweza kuliziba, iwapo tutaacha kuvirusha kimojakimoja kila nchi na bendera yake.

Tuanzie Ziwa Viktoria, kwa sababu huko gharama ya kutojua hulipwa kwa maiti.

Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kuelekea bara, na mvua ikaangukia vilima vya pembeni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, upepo unatoka pande zote kuelekea katikati, unakutana huko na kupaa. Ndiyo maana dhoruba za ziwani huja usiku wa manane hadi alfajiri. Na usiku ndio wakati wa wavuvi wa dagaa. Wanatoka jioni na taa zao, tena wanapendelea usiku wa giza usio na mbalamwezi, kwa sababu gizani taa huvuta dagaa vizuri zaidi. Saa ambayo hewa inajipanga kupiga ndiyo saa ambayo mitumbwi ya Ukerewe, Kome, Mfangano na Ssese iko mbali na nchi kavu. Asubuhi familia zinasimama mwaloni zikihesabu zilizorudi.

Mtabiri wa Mwanza, Kisumu au Entebbe ana nini mkononi usiku huo? Ana picha za Meteosat ya Ulaya, iliyoko kilomita 36,000 juu, inayotuma picha kila dakika 15. Kizazi chake kipya, kilichoanza kurushwa Desemba 2022, kinapiga kila dakika 10. Ni msaada mkubwa, na watabiri wetu wameutumia kwa ustadi kwa miaka mingi. Lakini Meteosat huona kilele cha wingu. Mawingu mawili yanaweza kuwa na vilele vyenye ubaridi uleule, moja likiwa limekwisha nguvu na jingine ndilo linaloanza kushusha upepo wa kupindua mtumbwi. Mwanza kuna rada, nayo huona ndani ya mvua, ila mwale wa rada huzidi kuinuka juu ya uso wa maji kadiri unavyokwenda mbali, na ziwa ni pana. Kuna puto za hali ya hewa zinazopanda na vihisi, lakini zinarushwa kutoka vituo vichache vya nchi kavu. Hakuna anayerusha puto katikati ya ziwa saa nane usiku.

Hapo ndipo setilaiti ndogo inapoingia, na inafaa kueleza inavyofanya kazi, maana wengi hudhani kila setilaiti ni kamera.

Hewa hutoa mnururisho wake wenyewe, usiku na mchana. Oksijeni hutoa kwa nguvu karibu na masafa ya gigahezi 118, mvuke wa maji karibu na gigahezi 183. Kifaa kikisikiliza masafa kadhaa pembezoni mwa hayo, kinaweza kutenganisha tabaka za hewa na kukadiria joto na unyevu wa kila moja. Chembe za barafu zilizosheheni ndani ya dhoruba kali huyatawanya mawimbi hayo, kwa hiyo dhoruba huonekana kama doa la baridi hata pale ambapo kamera ingeona blanketi jeupe tu. Zamani vifaa hivi vya maikrowevu, kama mawimbi hayo yanavyoitwa, vilibebwa na setilaiti za tani nzima au zaidi. Shirika la anga la Marekani, NASA, pamoja na Maabara ya Lincoln ya chuo cha MIT, walionyesha katika mradi wao wa TROPICS kwamba kifaa cha aina hiyo kinaweza kuenea kwenye sanduku la vijisanduku vitatu, kilo tano na ushei, chenye kichwa kinachozunguka mara 30 kwa dakika ili kufagia anga upande hadi upande. Kila kipande kinachosomwa chini kina upana wa kilomita 20 hivi. Hutaona mtumbwi kwa kipimo hicho, na hata kilima cha Usambara hutakitenganisha na bonde lake. Dhoruba ya Ziwa Viktoria utaiona.

Kuna mbinu nyingine pia, na mojawapo hunifurahisha kila nikiifikiria. Setilaiti nane za CYGNSS, zilizorushwa Desemba 2016 na kuongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan, hazitumi wimbi lolote chini. Zinasikiliza mawimbi ya GPS yaliyogonga bahari na kurudi juu. Bahari shwari huyarudisha kwa namna moja, bahari iliyochafuka kwa namna nyingine, na kutokana na tofauti hiyo hupatikana kasi ya upepo, hata chini ya mvua kubwa ya kimbunga. Kwa sisi wa pwani hilo si jambo la mbali. Aprili 2019 Mtwara ilipewa tahadhari ya Kimbunga Kenneth, kikaishia kuipiga Cabo Delgado. Aprili 2021 Dar es Salaam ilimsubiri Jobo, akafika hana nguvu. Mei 2024 Hidaya kikaingia kupitia Mafia. Katika kila tukio njia ya kimbunga ilijulikana vizuri kuliko nguvu yake, na nguvu yake ndiyo iliyotakiwa na mkuu wa wilaya anayeamua ahamishe watu au asiwahamishe.

Sasa hesabu, na naomba msomaji anivumilie kwa sababu hoja yangu yote imelala hapa.

Setilaiti nyingi za kutazama dunia hupita juu ya ncha, kaskazini na kusini. Dunia inazunguka chini yake, kwa hiyo mwishowe inaona kila mahali. Ni mpango mzuri kwa Norway, Kanada na Urusi, kwa sababu njia zote hukutana karibu na ncha na nchi hizo hupitiwa mara nyingi kwa siku. Ikweta ndiko njia zinakoachana zaidi. Setilaiti moja ya namna hiyo, hata yenye upeo mpana, itaiona Kisumu mara mbili tu kwa siku. Dhoruba ya ziwani huzaliwa, hukua na kufa katika muda wa saa chache. Inaweza kuanza na kuisha bila kuonwa.

Ipindue obiti ilale juu ya ikweta na hesabu inabadilika kabisa. Setilaiti iliyoko kilomita 550 juu huzunguka dunia kwa dakika 95 au 96. Kwa kuwa dunia nayo inageuka upande uleule, itarudi juu ya Kisumu baada ya dakika 102 hivi. Hizo ni safari 14 kwa siku kwa setilaiti moja. Tatu zilizopangwa kwa nafasi sawa zitapita kila baada ya dakika 34. Sita, kila dakika 17. Kwa upeo wa kilomita 2,000 kama wa TROPICS, ukanda unaoonekana unafika nyuzi 9 kaskazini na nyuzi 9 kusini: Kenya yote, Uganda yote, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo karibu yote, na Tanzania isipokuwa kusini kabisa. Mtwara na Songea zingebaki nje, na obiti ikiinamishwa kwa nyuzi chache nazo zingepitiwa mara kadhaa kwa siku.

Jambo hili limekwisha kufanywa na wengine walioko ikweta kama sisi. Julai 2009 Malaysia ilirusha RazakSAT katika obiti iliyoinama nyuzi 9 tu kutoka ikweta. Chombo hicho kiliharibika mapema, lakini wazo lilikuwa sahihi. Septemba 2015 Indonesia ilirusha LAPAN-A2 kwa roketi ya India, katika obiti iliyoinama nyuzi 6 tu. Ilikuwa na uzito usiofika kilo 80, na ikawa inapita juu ya Indonesia mara 14 kwa siku. Indonesia waliitumia kufuatilia meli na kuwapa waendeshaji wa redio za ridhaa njia ya kuwasiliana wakati wa majanga. Walitazama ramani yao wakaona nchi imelala juu ya ikweta, wakachagua obiti inayolingana na ramani hiyo. Ufaransa na India nao walipotaka kuelewa mvua za tropiki walirusha Megha-Tropiques mwaka 2011 kwa mwinamo wa nyuzi 20. Ilikuwa na uzito wa takriban tani moja, ikiwa peke yake, na kimojawapo cha vifaa vyake vikuu kilikufa Januari 2013.

Habari hiyo ya kifaa kufa inanipeleka kwenye suala la wingi. Mwaka 2024 ilirushwa MethaneSAT, setilaiti iliyogharimu dola milioni 88 na kukusudiwa kufanya kazi miaka mitano ikipima gesi ya methani inayovuja kwenye visima na mabomba. Juni 2025 mawasiliano yalikatika, na mradi ukaisha hapo. Ilikuwa kazi nzuri ya watu waadilifu, na dunia imepoteza jicho. Linganisha na TROPICS: Juni 2022 roketi iliyobeba setilaiti mbili za mwanzo ilizima kabla ya wakati, zote mbili zikapotea. Mei 2023 nyingine nne zikarushwa kutoka New Zealand kwa roketi mbili, na kazi ikafanyika. Mradi uliojengwa juu ya vitu vidogo vingi unaweza kupata msiba na ukaendelea kuishi. Nchi zisizo na fedha za kupoteza zinapaswa kuupenda mpango huo kuliko nchi nyingine zozote.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji wa setilaiti ndogo hulipitia haraka, nami sitaki kulipitia haraka. Utabiri wa leo usiku na tabianchi ya miaka 30 vinahitaji vipimo vya aina tofauti. Kwa utabiri, kosa dogo linavumilika. Dhoruba ni dhoruba. Kwa tabianchi unatafuta badiliko la sehemu ya kumi au mbili za digrii kwa muongo mzima. Kifaa kikilegea kiasi hicho bila kujulikana, kitakuambia dunia inapoa wakati inapata joto.

Hilo limewahi kutokea, na kilichosababisha ni hewa ileile ya Ngomeni. Tangu mwisho wa mwaka 1978 setilaiti za Marekani zimekuwa zikipima joto la angahewa kwa maikrowevu. Kwa miaka mingi kumbukumbu hizo, zilivyochambuliwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Alabama huko Huntsville, zilionyesha hewa ya chini haipati joto, au hata inapoa kidogo. Wenye kupinga habari za ongezeko la joto walizitumia sana. Mwaka 1998 Frank Wentz na Matthias Schabel walionyesha kwamba setilaiti zilikuwa zikishuka polepole kwa kukwaruzwa na hewa ya juu, pembe ya kutazama ikabadilika, na kushuka huko kukawa kunasomeka kama kupoa kwa dunia. Mwaka 2005 likapatikana kosa jingine, katika kusahihisha kusogea kwa saa ambazo setilaiti hupita mahali palepale. Vipimo viliposahihishwa, joto lilionekana linapanda. Kazi ya kujua hewa ya juu inavuta kwa nguvu kiasi gani, ambayo Broglio aliianza kwenye maji yetu, iligeuka kuwa sharti la kujua joto la dunia. Na bado ni sharti: Februari 2022 dhoruba ya jua iliifanya hewa ya juu kuvimba, na setilaiti za Starlink zipatazo 40 kati ya 49 zilizokuwa zimetoka tu kurushwa zikavutwa chini zikateketea.

Nchini Tanzania mizani ya sokoni hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, ikagongwa muhuri. Mnunuzi wa pamba au korosho akikuta mizani isiyo na muhuri anajua haki yake iko mashakani. Setilaiti ya kilo tano haina nafasi ya kubeba vifaa vyote vya kujikagua ambavyo setilaiti ya tani mbili hubeba. Kwa hiyo muhuri wake lazima utoke mahali pengine. Unaweza kutoka kwa setilaiti kubwa zinazopita njia moja nayo, na unaweza kutoka ardhini: puto zinazorushwa Dagoretti Corner mjini Nairobi, kituo cha Mlima Kenya ambacho tangu 1999 kimo katika mtandao wa dunia wa kupima hewa, vipima mvua vya shule na mashamba ya chai ambavyo mtu huvisoma kila asubuhi saa tatu na kuandika daftarini. Vipima mvua vingi vya kanda hii vimekufa kimya kimya, msomaji akistaafu na asipatikane wa kumrithi. Ningeweza kuandika makala nyingine nzima juu ya yale madaftari. Kila pendekezo la kurusha setilaiti ya hali ya hewa lililokuja bila fungu la kufufua vituo vya chini ningelirudisha kwa walioliandika.

Kuna aina moja ya setilaiti ndogo inayokaribia kujigongea muhuri yenyewe. Inasikiliza GPS inayotua upeoni, pale wimbi linapopenya hewa kwa mlalo na kupinda kama ufito uliochovywa majini. Kupinda kunapimwa kwa muda, na muda unatoka kwenye saa za atomu, ambazo hazilegei kama vioo na vihisi. Kutokana na hapo hupatikana joto na unyevu wa tabaka baada ya tabaka. Taiwan na Marekani walirusha sita za namna hiyo mwaka 2006, na nyingine sita Juni 2019 katika obiti ya nyuzi 24 mahsusi kwa ukanda wa tropiki. Hizo za pili hutoa vipimo zaidi ya 4,000 kwa siku. Kwa kumbukumbu ya tabianchi, hiki ndicho kifaa ambacho ningekiweka pamoja na maikrowevu kwenye kila kijisanduku chetu.

Vikwazo vipo, na kilicho kikubwa watu hawakizungumzii. Fedha zinatajwa sana, lakini kigumu zaidi ni usafiri. Nafasi za bei nafuu kwenye roketi kubwa, kama ile iliyobeba Taifa-1 kutoka California, zinaelekea obiti za ncha, kwa sababu huko ndiko wateja wengi wanataka kwenda. Zinazoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga huinama nyuzi 51.6 na huanguka zikateketea ndani ya miaka miwili hivi. Kugeuza mwinamo wa obiti ukiwa angani hula mafuta mengi kuliko chombo chenyewe kinavyoweza kubeba. Kwenda ikweta kunahitaji roketi inayoruka karibu na ikweta, na roketi nzima haiitwi na nchi moja yenye kijisanduku kimoja. Inaitwa na nchi tano zenye vijisanduku sita. Hapa ndipo bendera zinapogeuka kuwa mzigo: kila nchi ikirusha yake itaangukia obiti ya bei rahisi, isiyotufaa, zikiungana zinaweza kuchagua njia.

Wapo wanaosema Ulaya inatupa data bure, kwa nini tuhangaike. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba zawadi hizo zilipangwa kwa mahitaji ya waliozitoa, na dhoruba ya Ziwa Viktoria ya saa nane usiku haikuwa kwenye orodha. Isitoshe, sehemu inayokua ya vipimo vya hewa sasa iko mikononi mwa kampuni zinazouza. Mwaka 2020 ndege zilipoacha kuruka kwa sababu ya korona, vipimo vyake vya hewa vikapungua, na kampuni ya Spire ikatoa baadhi ya data zake bila malipo kwa vituo vya utabiri kwa muda. Baada ya hapo ilirudi kwenye biashara, kama ilivyo haki yake. Idara zetu za hali ya hewa hazina bajeti ya kushindana na wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Anayeleta vipimo mezani hupata vipimo vya wenzake. Asiye na kitu hungoja mabaki.

Ushirikiano nao si ndoto. Wahandisi wa Misri, Kenya na Uganda wamekwisha kukaa pamoja kubuni kamera ya tabianchi ya kufungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Rwanda ina vijana waliojifunza Japani kama wa Uganda. Wavuvi wa nchi tatu hugawana ziwa moja na dhoruba moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuanza na setilaiti tatu, zenye maikrowevu na kipokezi cha GPS, na fungu la kudumu la kuzibadilisha kila baada ya miaka minne au mitano, kwa maana kumbukumbu ya tabianchi iliyokatika katikati hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Hilo la fungu la kudumu ndilo ningeliandika kwanza kwenye mkataba, kabla ya jina la setilaiti na kabla ya rangi zake.

Sehemu ya mwisho ya kazi iko ardhini. Setilaiti ikipita juu ya ziwa saa saba na nusu usiku, kipimo chake kina maana kikishuka ndani ya dakika chache. Kikishuka asubuhi ni taarifa ya msiba. Kinahitaji antena iliyoko chini ya njia yake, na Malindi zipo: kituo cha Waitaliano bado hupokea na kutuma ishara za vyombo vya angani, umbali wa mwendo mfupi kutoka yale majukwaa. Dakika chache baada ya kuvuka ziwa chombo kitakuwa juu ya pwani, kikishusha alichokiona. Kutoka Malindi data zinafika Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam kwa waya. Mtabiri anazitazama, anapiga simu au anatuma ujumbe kwa vikundi vya mialoni, na mitumbwi iliyoko nje bado ina muda wa kuzima taa na kuelekeza omo kisiwani.